Harusi ya Kuigiza

Siku ya kwanza Jacqueline alikuja na mfuko wa maputo. Alisimama katikati ya ukumbi, akapiga makofi mawili kama anayefukuza kuku kwenye mahindi, akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya Magogoni, "Shikamooni wapendwa wanguuu!"

Wapendwa wake tulikuwa kumi na mmoja. Kiziwi alikuwa mmoja tu, Mzee Abdulmajid, na saa hiyo alikuwa amelala.

"Marahaba," nikamwitikia. "Punguza sauti, binti. Tumezeeka, hatujasafiri."

Akacheka kama aliyetekenywa. Alidhani nafanya mzaha.

Mimi ni Badriya binti Humoud. Miaka arobaini na moja niliuza sare za shule Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na mtoto akisimama tu mlangoni nilikuwa nimeshajua kaptula yake saizi gani kabla mama yake hajamaliza kunisalimia. Sikutupwa na mtu hapa. Niliteleza kwenye ngazi za ghorofa letu, nyonga ikavunjika, na mwanangu Hussam yuko Maskati, na binti yangu Rawan ana nyumba Mbezi yenye ngazi nyingi kuliko vyumba. Nikachagua mwenyewe makao haya ya wazee ya Upanga, kwa kuwa yako karibu na hospitali na chakula chake kinalika. Nilichagua mahali pa kulala na pa kuangaliwa dawa zangu. Kurudishwa chekechea sikuchagua.

Mwenye makao ni Heriel, mwanamume wa miaka hamsini ambaye tumbo lake hufika mlangoni kabla yake. Jacqueline ni mtoto wa dada yake. Alisomea utalii, hoteli hazikumtaka, basi mjomba akamtupia sisi na kumpa cheo: mratibu wa burudani. Akabandika ratiba ukutani, karatasi kubwa yenye picha za nyuki wanaotabasamu. Jumatatu kurushiana maputo. Jumanne kupaka rangi. Mimi, niliyevisha nusu ya watoto wa Ilala, nilipewa mchoro wa twiga na penseli ya njano, na Jacqueline akaniinamia sikioni: "Usitoke nje ya mstari, bibi yangu." Jumatano kuimba kwa makofi. Ijumaa kurusha mpira kwenye ndoo, tena mchana ule ule ambao sisi Waislamu tunatafuta maji ya kutilia udhu.

Desemba ndiyo ilinimaliza. Alileta furushi la pamba na chupa za gundi, akatuambia leo tunatengeneza mtu wa theluji. Dar es Salaam, Desemba! Feni zinasukuma joto kutoka kona moja kwenda nyingine, jasho linatuchuruzika mgongoni, na sisi tumekaa tunabandika pamba. Mzee Elimringi alikuwa na donge lake kwenye kiganja cha kushoto, analitazama tu. Huyu alikuwa na duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo, mtu wa Machame, chini ya Mlima Kilimanjaro, mrefu kama nguzo ya umeme. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na kumpunguzia maneno, kwa hiyo husema machache, na huyachagua.

"Binti," akamwambia Jacqueline. "Nimekua naiona theluji kila asubuhi." Akalirudisha donge mezani. "Haina gundi."

Nilicheka mpaka nyonga ikanikumbusha. Jacqueline naye akacheka, akampiga picha, akaiweka kwenye ukurasa wa makao mtandaoni: Babu Eli akifurahia theluji. Kila kitu kwake kilikuwa picha. Puto likianguka, picha. Mzee akisinzia na kofia ya karatasi kichwani, picha, na chini yake mioyo mitatu myekundu.

Sitajifanya mpole. Nilimdharau yule msichana kwa bidii. Asubuhi nilikuwa naamka na hamu ya kujua leo atafanya upuuzi gani, na jioni nilimsimulia Rawan kwenye simu, tukacheka wote wawili. Siku ambazo Jacqueline alikuwa likizo niliboreka.

Mwezi wa pili akanifuata barazani, simu mkononi, macho yanang'aa.

"Bibi Badriya, Siku ya Familia inakuja, si unajua? Safari hii nataka tufanye harusi."

"Nani anaoa?"

"Harusi ya kuigiza! Hebu angalia." Akanisogezea simu. Wazee wa Kizungu wawili, mmoja kwenye kiti cha magurudumu, wanakata keki, na wauguzi wanawapigia makofi. "Wewe uwe bibi harusi, Babu Eli awe bwana harusi. Mshereheshaji nimeshampata, keki nimeshaagiza, shela naazima kwa rafiki yangu ana duka pale Kariakoo. Itapendeza mno, bibi! Watu wataipenda."

Nikamtazama. Nina miaka kumi na tisa ya ujane. Mume wangu nilimkalia eda miezi minne na siku kumi, na tangu hapo hakuna mwanamume aliyenishika hata kiwiko. Na huyu mtoto anataka kunivisha shela ya kuazima, aniozeshe kwa Mlutheri mbele ya simu za watu, iwe burudani.

"Jacqueline," nikasema, "mama yako yu hai?"

"Yupo, bibi. Yuko Moshi."

"Nenda kamwoze yeye kwanza. Ikipendeza, uje kwangu."

Uso ukamshuka. "Bibi jamani, ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo, mchukue Mektilda. Huyo hata umvishe gunia, hatajua."

Nikarudi kwenye chai yangu. Nilijiona nimemkata vizuri.

Mama Mektilda alikuwa chumba cha tatu kutoka changu. Ana miaka themanini na minne, Mkatoliki wa Kibosho, na yeye na marehemu mumewe Leodegar walikuwa na duka la jumla la sabuni na mafuta Mtaa wa Mkunguni. Nilimfahamu kwa sura tangu enzi hizo: mwanamke mfupi, kitambaa kichwani, anayeweza kuhesabu katoni juu ya mkokoteni unaotembea. Sasa akili yake inakuja na kuondoka. Kuna siku anakujua, kuna siku anakuuliza kama mzigo wa Tanga umefika. Alasiri nyingi hukunja nguo zake, akazitia kwenye mfuko, akakaa nao mapajani.

Jacqueline alilichukua neno langu kama ushauri. Kesho yake nikamwona chumbani kwa Mektilda, anampima kiuno kwa kamba ya kiatu. Mektilda amesimama wima, mikono ameinua, uso umemchanua kama msichana.

"Ni lini?" akauliza.

"Jumamosi ijayo, bibi harusi wetu!"

"Leodegar anajua?"

"Anajua!" akasema Jacqueline, akanikonyeza mimi niliyekuwa mlangoni.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilikuwa na siku tisa za kusema. Ningemwita Heriel, ningempigia simu Jovitha, binti yake Mektilda. Sikufanya. Nilikuwa nasubiri Jacqueline aaibike mbele ya umati, na nilitaka kiti cha mbele.

Mzee Elimringi nilimuuliza kwa nini amekubali upuuzi ule.

"Mwanangu Aaron," akasema. "Hajaja tangu Pasaka. Akisikia baba anaoa, atakuja. Hata kama ni kucheka."

Jumamosi ilipofika, Aaron alikuja. Walikuja wote. Watoto ambao hatukuwaona tangu Krismasi walijaa uani na watoto wao, magari yakaziba barabara, mpaka dereva mmoja wa bajaji akaanza kuwatukana wote kwa mpigo. Rawan alikuja amevaa abaya mpya. Heriel alivaa suti na kupeana mikono kama anayegombea ubunge. Viti vya plastiki vilivishwa vitambaa vyeupe, na mbele kulikuwa na keki ya ngazi mbili ambayo wenye kisukari, yaani sisi karibu wote, hatukuruhusiwa kuigusa.

Mshereheshaji alikuwa mnene, viatu vimechongoka, kipaza sauti amekibusu kabisa. "Bwana harusi wetu ana miaka themanini na moja!" akapaza. "Mambo ya fungate tunamwachia Mwenyezi Mungu!"

Watu wakaangua kicheko. Elimringi alikaa kwenye kiti chake na ua kifuani, hakutikisika. Nilimwona Aaron anacheka, halafu anaangalia chini.

Mektilda akaingia amemshika Jacqueline mkono. Shela ilikuwa ya msichana mwenye nyama, yeye ameingizwa ndani yake kama kijiko kwenye mtungi, lakini alitembea kwa heshima zote, hatua moja moja, kidevu juu. Alikuwa mzuri. Naapa alikuwa mzuri. Akafika mbele, akamtazama Mzee Elimringi, akasimama.

"Huyu ni nani?"

Mshereheshaji akamwekea kipaza sauti mdomoni. "Bibi harusi anauliza huyu ni nani! Haya ndiyo mapenzi ya siku hizi, jamani!"

Kicheko. Simu zikainuliwa zaidi. Rawan wangu naye alikuwa ameinua yake.

"Leodegar yuko wapi?" Sauti yake ilitoka kwenye spika zote mbili, nyembamba. "Mmemficha wapi?"

Jovitha aliyekuwa anarekodi akashusha simu. Ni mwanamke mzima, ana wajukuu, lakini alichanganyikiwa, akasema jambo la kwanza lililomjia: "Mama, baba si alishafariki?"

Mtoto mmoja nyuma alikuwa analilia keki.

"Amefariki?" akauliza Mektilda. "Leo?"

Akageuza kichwa, akatutazama safu kwa safu.

"Amefariki leo, na ninyi mmenivisha?" Akaanza kuivuta shela kifuani kwa mikono miwili. "Nimewakosea nini, jamani? Nimewakosea nini?"

Na yule mpumbavu wa kipaza sauti bado alikuwa amemwekea mdomoni, kwa hiyo mtaa mzima wa Upanga ulisikia.

Mzee Elimringi akainuka. Kumwona akiinuka peke yake ni jambo la dakika nzima, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akanyoosha mkono wa kushoto, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, akakichomeka katikati ya keki mpaka mpini wote ukazama. Spika zikakoroma, zikafa. Kisha akamwinamia Mektilda, akamwambia maneno kadhaa kwa Kichaga. Mektilda akaacha kuvuta shela. Akamsikiliza, akauliza kitu, akajibiwa.

Mimi nilikuwa nimeshafika na gongo langu la miguu minne. "Twende ndani, bibi harusi," nikamwambia. "Jua kali. Hatungoji bwana harusi juani."

Akanishika mkono, tukaenda.

Chumbani nikamvua ile shela. Jacqueline aliibana mgongoni kwa pini, badala ya kushona, na pini tatu zilikuwa zinamchoma tangu asubuhi. Palikuwa na vidoa vya damu kwenye sidiria yake, na hakuwa amelalamika, kwa kuwa bibi harusi halalamiki. Nilizichomoa moja moja.

Rawan akasukuma mlango. "Mama, uko sawa?"

"Futa ulichopiga."

"Mama, mimi nilikuwa tu..."

"Futa, kisha uende nyumbani."

Mektilda alikaa kitandani na gauni lake la ndani, akanisimulia harusi yake na Leodegar. Kulikuwa na mbuzi wa ndafu, aliyechomwa mzima mzima, shangazi yake alikuwa amegombana na mpishi juu ya maini. Kulikuwa na matope mpaka kanisani. Leodegar alichelewa, baba yake akasema kijana amekimbia. Kila baada ya muda alinigeukia na kuniuliza amefika, nami nikajibu bado. Aliniuliza mara sita. Kufikia wakati wa uji wa jioni alikuwa amesahau harusi, amesahau shela, hata mimi hakunijua. Lakini machozi yalikuwa bado yanamtoka, na alikuwa anayafuta na kuyashangaa, kama mtu anayevujiwa na paa bila kusikia mvua.

Kesho yake nikamkuta Elimringi barazani.

"Ulimwambia nini jana?"

"Mvua imekata barabara. Leodegar anakuja. Kwa miguu."

Nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kwa neno moja. "Mzee Elimringi, mimi ndiye niliyemtaja Mektilda. Nilimwambia yule binti amvishe gunia."

"Najua, Mama Hussam. Nilikuwa hapa. Nyuma yako."

"Mbona hukusema kitu?"

"Nafasi ya kusema," akajibu, "huwa unaitumia wewe."

Nikashika gongo langu, nikarudi chumbani.

Heriel alitaka kuiweka video mtandaoni, ikiwa imekatwa pale kabla Mektilda hajauliza. Alikuja kuniambia mwenyewe, akidhani atanifurahisha, eti watu waone tulivyopendeza. Nikamwambia kipande hicho kikionekana popote, mimi na Jovitha na Aaron tutapita kwa jamaa za wote kumi na mmoja, na mwisho wa mwezi atabaki na feni zake. Aliifuta hapo hapo mbele yangu, haraka kuliko alivyowahi kurekebisha bomba. Akaongeza kwamba kosa lilikuwa la mpwa wake. Mwanamume mzima, tumbo lile lote, anajificha nyuma ya msichana.

Jumatatu Jacqueline aliingia ukumbini mikono mitupu. Macho yalikuwa yamevimba. Alisema shikamooni kwa sauti ya kawaida, na Mzee Abdulmajid kwa mara ya kwanza hakumsikia. Akavuta kiti, akakaa badala ya kutusimamia.

"Sijui nifanye nini," akasema. "Ninyi mnataka kufanya nini?"

Ningeweza kumchinja pale. Nilikuwa na maneno saba tayari, na yote makali. Nikayameza, na yalikuwa machungu. Lakini nilipotafuta jibu lenyewe, sikuwa nalo. Mwaka mzima nilijua nisichokitaka tu. Tukatazamana wote kama wanafunzi walioulizwa swali la hesabu.

"Kinyozi," akasema Mzee Elimringi mwishowe. "Wangu. Mtaa wa Aggrey."

Jacqueline akaandika. Bibi mmoja akasema anataka kuchagua samaki mwenyewe pale feri, amechoka kuletewa vichwa. Abdulmajid alipopigiwa kelele sikioni akasema anataka aachwe alale. Hilo nalo likaandikwa. Kuhusu Mektilda tulimpigia simu Jovitha, akaeleza kwamba mama yake hajawahi kukaa jikoni bila kisu na ndizi.

Jumatano tulikwenda Kariakoo wanne kwenye gari la makao. Elimringi alikuta kinyozi wake alishakufa, amebaki mtoto wake, naye akamnyoa vizuri, ndevu zote, kwa wembe mpya. Mektilda tulimpeleka kwa wauza ndizi. Alipita mikungu mitatu bila kuigusa, akaushika wa nne, akaukwaruza kwa ukucha, akamwambia muuzaji, "Hii umeikata changa. Mtu wa kwenu nani aliyekufundisha?" Muuzaji akasema samahani, mama. Jacqueline naye akaenda kununua chane pembeni, akalipa bei ya kwanza aliyotajiwa. Nilimsema kutoka pale mpaka garini, na Mektilda akanisaidia.

Tuliporudi, Mektilda aliwekewa uani kigoda, beseni la maji na visu viwili. Heriel alisimama dirishani anavitolea macho vile visu. Mektilda alimenya ndizi za supu ya mtori, moja baada ya nyingine, maganda yanaanguka marefu bila kukatika, na siku hiyo akili yake ilikuwa imekaa. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikavuta kiti karibu, nikamsimulia yote: shela, pini, mshereheshaji, na maneno yangu ya barazani. Sikutaja majina. Nilikuwa nakusudia kuyataja mwishoni.

Alisikiliza huku anamenya. "Huyo bibi harusi," akasema, "alikuwa mjinga. Mtu anavishwa tu, hata haulizi?"

"Hakuwa mjinga. Alikuwa mgonjwa."

"Na huyo mwanamke aliyemtaja?"

"Huyo ndiye mjinga."

"Tena mwenye roho mbaya," akasema Mektilda, akachomoa kisu kingine kwenye beseni, akakifuta kwenye khanga yake, akanipa. "Shika hicho. Usikae bure, umekuja hapa kupiga soga tu."

Nikachukua ndizi, nikaanza kumenya, na ganda likakatika mara tatu. Akaniangalia mikono, akasonya.